Narayana Guru hakuwa mpigania haki tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nimzungumzie mwalimu wa kiroho wa Kihindu ambaye, mara chache anapotajwa, hutajwa nusu. Narayana Guru wa Kerala, kusini-magharibi mwa India, aliyezaliwa mwaka 1856 na kufariki tarehe 20 Septemba 1928, huelezwa kuwa ni mtu aliyewatetea watu wa tabaka la chini, akawafungulia mahekalu na shule, akawaonya juu ya ulevi, na maelezo yakakomea hapo. Yote hayo ni kweli. Lakini mwenye kukomea hapo amesimulia matendo na kuacha yalikotoka, na msomaji hubaki na picha ya mwanasiasa aliyejivika utawa ili apate wafuasi. Ninavyoyaelewa maisha yake, kazi aliyoifanya katika jamii ilikuwa ni mafundisho yake yenyewe ya kiroho yakitendwa mchana kweupe, na mtu akiyatenganisha haya mawili hakuna hata moja litakaloeleweka.

Nianze na mazingira aliyozaliwa, kwa kuwa bila hayo ujasiri wake hauonekani. Nchi inayoitwa Kerala leo ilikuwa wakati ule falme mbili, Travancore na Cochin, pamoja na wilaya ya Malabar iliyotawaliwa moja kwa moja na Waingereza. Narayana alizaliwa Travancore, katika kijiji cha Chempazhanthy karibu na Thiruvananthapuram, kwa wazazi Waezhava. Hao walikuwa jamii kubwa yenye wakulima, wafumaji, waganga wa tiba ya Ayurveda na wagema wa tembo la mnazi, na mbele ya kanuni za matabaka walihesabiwa kuwa ni najisi. Unajisi wenyewe haukuishia kwenye kugusana. Huko iliaminika kwamba mtu wa tabaka la chini humchafua Brahmini, yaani mtu wa tabaka la juu kabisa la makuhani, kwa kumkaribia tu, kwa hiyo kila jamii ilipangiwa umbali ambao haikuruhusiwa kuuvuka, na walio chini ya Waezhava, kama Wapulaya waliolima mashamba ya mpunga ya wengine, walipangiwa umbali mkubwa zaidi. Barabara zinazozunguka mahekalu makubwa zilikuwa haramu kwao, shule nyingi hazikuwapokea watoto wao, na utumishi wa serikali ya Maharaja, yaani mfalme, haukuwa na nafasi yao. Swami Vivekananda, mtawa mashuhuri wa Kihindu aliyepita pande hizo mwaka 1892, alikuja kuieleza Malabar mbele ya hadhara kuwa ni nyumba ya wendawazimu.

Baba yake, Madan Asan, alifundisha watoto wa kijiji na alijua Kisanskriti, lugha ya kale ya vitabu vitakatifu vya Wahindu, na mjomba wake, Krishnan Vaidyan, alikuwa mganga. Kwa hiyo Narayana, aliyeitwa Nanu utotoni, hakukulia katika ujinga, ingawa jamii yake ilidhaniwa kuwa haina la kufanya na vitabu vitakatifu. Akiwa kijana alipelekwa kusoma Kisanskriti, mashairi na falsafa kwa mwalimu mashuhuri, Raman Pillai Asan. Aliporudi alifundisha watoto, wakamwita Nanu Asan, yaani Mwalimu Nanu. Alikuwa ameozwa, lakini maisha ya ndoa hayakumshika, akatoka nyumbani na kuanza kutangatanga.

Miaka hiyo ya kutangatanga ndiyo ambayo waandishi wengi huipita mbio, na ndiyo ambayo mimi naiona kuwa kiini cha habari yote. Alikutana na Chattampi Swamikal, msomi na mtafutaji aliyezaliwa katika tabaka la Wanair, ambao walikuwa juu ya Waezhava, wakawa marafiki. Kwa njia yake alifika kwa Thycaud Ayyavu, aliyewafundisha wote wawili yoga. Kisha alikwea mlima wa Marutwamala, karibu na Kanyakumari, ncha ya kusini kabisa ya India, akaishi katika pango la Pillathadam kwa kutafakari na kujinyima. Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza kwamba alipokuwa akizunguka vijijini na pwani alikula kwa kila aliyemkaribisha, wakiwemo wavuvi na Waislamu. Katika nchi ambayo kula na mtu asiye wa tabaka lako kuliweza kukutupa nje ya ukoo, jambo hilo halikuwa dogo. Na wakati huo hakuwa na chama wala wafuasi, wala dai lolote alilotaka kulifikisha kwa mtawala.

Alichotoka nacho mlimani ni fundisho la Advaita, linalosema kwamba hakuna uwili katika uhalisi wa mwisho na kwamba Nafsi iliyomo ndani ya kila kiumbe ni ile ile moja. Fundisho hilo lilikuwa la zamani. Lilikuwa limeelezwa kwa kina zaidi ya miaka elfu moja kabla yake na Shankara, ambaye kwa mapokeo alizaliwa Kalady, huko huko Kerala, kando ya mto Periyar. Narayana alimfuata Shankara katika falsafa na hakudai kuleta dini mpya. Tofauti ilikuwa kwamba kwa karne nyingi wasomi walikariri kwamba Nafsi ni moja, kisha wakitoka darasani wakajitenga kwa hatua kadhaa na mpita njia ambaye kivuli chake kingewachafua. Walipata njia ya kuyabeba yote mawili pamoja bila kusikia mgongano. Narayana aliusikia.

Katika utenzi wake wa beti mia moja kwa lugha ya Kimalayalam, uitwao Atmopadesa Satakam, yaani mafundisho mia moja juu ya Nafsi, kuna ubeti wa 24 ambao watu wa Kerala wanaujua kwa moyo. Kwa maneno yangu mwenyewe unasema hivi: huyu na yule, na wote tunaowatambua duniani, ukitafakari vyema ni sura ya Nafsi moja ya asili, kwa hiyo lile alitendalo mtu kwa furaha yake mwenyewe na liwe lenye kumletea furaha na mwenziwe. Naomba msomaji autazame ubeti huo kwa utulivu. Nusu yake ya kwanza ni falsafa tupu na nusu ya pili ni kanuni ya kuishi na watu, na zimeunganishwa katika sentensi moja kwa sababu mtunzi hakuona mpaka kati yake. Anayetaka kujua kwa nini mtawa huyu alijenga shule za ufumaji na Kisanskriti apate jibu katika ubeti huo kabla ya kulitafuta katika historia ya siasa.

Sasa tufike Aruvippuram. Usiku wa Shivaratri, sikukuu ya Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, mwaka 1888, katika mahali palipokuwa msitu na mawe kando ya mto Neyyar, Narayana aliingia mtoni, akatoa jiwe, akalisimika juu ya mwamba liwe alama ya Shiva, mbele ya umati wa watu ambao hawakuruhusiwa kumwona Shiva katika mahekalu makubwa ya nchi yao. Kusimika alama ya mungu ilikuwa kazi ya Mabrahmini peke yao, kwa mafunzo na taratibu zao. Walipokuja kumhoji ni kwa haki gani Mwezhava amefanya jambo hilo, inasimuliwa kwamba alijibu kuwa amemsimika Shiva wa Waezhava. Wengi hulisimulia jibu hilo kama mzaha wenye makali, na makali kweli yamo. Mimi naliona kuwa ni upole wa mtu asiyehitaji kubishana. Kwa aliyeamini kwamba Nafsi ni moja, Shiva wa Brahmini na Shiva wa Mwezhava hawawezi kuwa wawili, kwa hiyo waliomhoji walibaki na uchaguzi wa kukana umoja wa Mungu wao au kunyamaza.

Hapo hapo aliweka maandishi yanayosema kwamba mahali hapo ni mfano wa mahali ambapo watu wote wanaishi kama ndugu, bila ubaguzi wa tabaka na bila chuki ya dini. Aliyaandika kwenye hekalu la Shiva maneno yasiyowataja Waezhava wala Shiva. Kama nia yake ingekuwa tu kuipatia jamii yake hekalu lake, angeandika vingine.

Linganisha tendo hilo na juhudi nyingine za kizazi hicho, ambazo nazo zilikuwa za heshima. Daktari Padmanabhan Palpu, Mwezhava aliyesomea udaktari Madras, alinyimwa kazi Travancore kwa sababu ya kuzaliwa kwake, akaenda kutumika katika ufalme wa Mysore. Mwaka 1896 ombi lenye sahihi za Waezhava zaidi ya 13,000 lilipelekwa kwa Maharaja kwa juhudi zake, likiomba shule na ajira, na halikuzaa matunda yaliyotarajiwa. Palpu alikuwa mtu wa hesabu na hoja, na ni yeye aliyekuja kuona kwamba watu waliofundishwa kwa vizazi kwamba ni najisi hawatasimama kwa sababu ya ombi, bali wanahitaji kwanza mtu atakayewarudishia heshima yao mbele ya Mungu. Mwaka 1903, kutokana na kamati iliyokuwa ikiangalia hekalu la Aruvippuram, ilisajiliwa jumuiya ya Sri Narayana Dharma Paripalana Yogam. Narayana alikuwa rais wake wa maisha na katibu mkuu wa kwanza akawa mwanafunzi wake, Kumaran Asan, ambaye ni mmoja wa washairi wakubwa kabisa wa Kimalayalam. Kwa ufupi, chama kilizaliwa ndani ya hekalu, na hekalu lilizaliwa ndani ya pango la Marutwamala. Mpangilio huo haukuwa ajali.

Zaidi ya mahekalu 40 yalisimikwa kwa mkono wake, kutoka kusini mwa Travancore hadi Mangalore. Lakini anayeyafuatilia kwa mpangilio wa miaka ataona jambo ambalo, kwangu, lina uzito kuliko idadi yake. Mwanzoni alisimika miungu ambayo watu waliijua, Shiva na wengine wa jamaa yake, katika mahali pa miungu midogo ya kutisha iliyokuwa ikitolewa kafara za wanyama na pombe. Mwaka 1912 huko Sivagiri, Varkala, alimsimika Sarada, mungu wa kike wa elimu. Baadaye, katika hekalu la Karamukku, aliweka taa mahali pa sanamu. Huko Murukkumpuzha aliweka bamba lenye maneno ya ukweli, wema, huruma na amani. Na mwaka 1927 huko Kalavancode aliweka kioo, kikiwa na silabi takatifu ya Om. Aliyekwenda kuabudu akainua macho aliona uso wake mwenyewe ndani ya jina la Mungu.

Naomba wasomaji wasilichukue tendo hilo kuwa ni ubunifu wa kupendeza tu. Ni utenzi wote wa Atmopadesa Satakam umewekwa ukutani kwa ajili ya watu wasiojua kusoma. Mtu ambaye nchi nzima ilimwambia kwamba uso wake unachafua njia aliletwa mpaka chumba cha ndani kabisa, akaonyeshwa uso huo huo, akaambiwa asujudu. Hakuna ombi lililowahi kuandikwa lenye nguvu hizo, na hakuna mwanasiasa ambaye angelifikiria.

Hata mahekalu yenyewe hakuyashikilia. Mwaka 1917 aliwashauri watu wasiendelee kujenga mengine, kwa kuwa aliona yanaweza kuongeza utengano wa matabaka badala ya kuupunguza, akasema hekalu lililo kuu liwe shule. Alisisitiza elimu, umoja na kazi za mikono. Alipinga sherehe za gharama kubwa zilizowafilisi watu, hasa ile ya kuwafungisha mabinti wadogo ndoa ya jina tu kabla ya kubalehe, akahimiza harusi fupi zenye watu wachache. Juu ya pombe kauli yake ilikuwa fupi: ni sumu, isitengenezwe, isitolewe, isinywewe. Alikuwa akiiambia hivyo jamii ambayo sehemu yake kubwa iliishi kwa ugema, na hiyo ni kauli ambayo mtafuta kura hawezi kuithubutu.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote, kwa maoni yangu, ni wa mwaka 1916, nao hutajwa kwa nadra mno. Mwaka huo aliandika barua kwa Palpu akieleza kwamba jumuiya iliyobeba jina lake inafanya maamuzi bila yeye kujua, na kwamba majivuno ya kitabaka yanazidi kukua ndani yake, kwa hiyo, kama alivyokwisha kuiacha moyoni, sasa anaiacha kwa maneno na kwa vitendo pia. Mwaka huo huo alitoa tamko la wazi kwamba ni miaka kadhaa tangu alipoacha tofauti za matabaka na dini, na kwamba yeye hana tabaka lolote, ingawa watu wa jamii fulani walikuwa wakimchukua kuwa ni wao. Mtu aliyekuwa rais wa maisha wa chama kikubwa, katika kilele cha heshima yake, aligeuka akawaambia wafuasi wake kwamba wameanza kufanya kile kile walichofanyiwa. Kama shabaha yake ingekuwa kuinua Waezhava tu, mwaka 1916 ulikuwa mwaka wa kusherehekea. Kwake ulikuwa mwaka wa kuondoka, kwa sababu Nafsi moja haina jamii ya kuipendelea.

Kijana mmoja aliyemwelewa katika hilo ni K. Ayyappan, aliyepata jina la Sahodaran, maana yake ndugu. Mwaka 1917 huko Cherai aliandaa mlo ambamo Waezhava walikaa na kula pamoja na Wapulaya, akatengwa na watu wake na kudhihakiwa kwa kuitwa Mpulaya. Wapinzani walieneza habari kwamba Guru mwenyewe hakupendezwa. Naye akatoa ujumbe kwa mwandiko wake kwamba, hata watu wakitofautiana kwa dini, mavazi na lugha, wote ni viumbe wa namna moja, kwa hiyo hakuna ubaya wakioana na kula pamoja. Ayyappan baadaye alikwenda mbali zaidi. Wito maarufu wa Narayana Guru ulikuwa kwamba mwanadamu ana tabaka moja, dini moja na Mungu mmoja. Ayyappan akaugeuza, akasema mwanadamu hahitaji tabaka, hahitaji dini, hahitaji Mungu. Mwalimu hakumfukuza wala kumlaani, akaendelea kumpenda. Najua wapo watakaosema kwamba huo ni udhaifu wa mwalimu wa dini. Mimi naona kwamba aliyefundisha umoja wa Nafsi hakuweza kumhesabu kijana huyo kuwa nje yake kwa sababu tu amekana kwa kinywa kile alichokitenda kwa mikono.

Kwa dini nyingine alikuwa na moyo huo huo. Mwaka 1924, katika ashramu yake, yaani makao ya watawa, ya Advaita huko Aluva, kando ya mto Periyar, aliitisha mkutano wa dini zote, na kwenye lango kukawekwa maneno ya kuwaeleza waalikwa kwamba hawakuja kubishana na kushinda, bali kujua na kujulisha. Waislamu, Wakristo, Wabudha na Wahindu wa mirengo mbalimbali walizungumza. Katika shairi lake la beti kumi juu ya huruma, Anukampa Dasakam, anaanza kwa kuomba moyo ambao hautamtia adha hata sisimizi, anasema asiye na huruma ni mwili wa mifupa, ngozi na mishipa tu, kisha anauliza huruma hiyo ikivaa umbo la mwanadamu ni nani, je, si mwana mtakatifu wa Mungu, au Nabii mwenye rehema, aliye lulu na johari. Msomaji Mwislamu au Mkristo atatambua mara moja wanaosemwa. Aliwataja katika sala yake bila kujitahidi kuonekana mvumilivu, kama mtu anayewataja wa nyumbani kwake.

Kuhusu Vaikom nitasema kidogo, kwa sababu habari zake zimeandikwa sana. Kuanzia tarehe 30 Machi 1924 hadi Novemba 1925 wanaharakati walifanya satyagraha, yaani upinzani usiotumia nguvu, wakidai watu wa matabaka ya chini waruhusiwe kupita barabara za kuzunguka hekalu la Shiva la mji huo. Ashramu ya Guru iliyokuwa karibu ikawa kambi yao, naye akatoa rupia 1,000 na kuwatembelea. Mahatma Gandhi, aliyekuja kwa ajili ya mapambano hayo, alimtembelea Sivagiri mwezi Machi 1925, kama mshairi Rabindranath Tagore alivyokuwa amefanya mwaka 1922. Inasimuliwa kwamba Gandhi alionyesha mwembe na kusema majani yake hayalingani, akimaanisha kwamba tofauti za watu ni za maumbile, na Narayana akajibu kwamba majani hayo yakitafunwa ladha yake ni moja. Ilikuwa tarehe 12 Novemba 1936, miaka minane baada ya kifo chake, Maharaja wa Travancore alipotangaza kwamba mahekalu ya serikali yamefunguliwa kwa Wahindu wote.

Wapo wasomi wanaosema kwamba dini katika maisha yake ilikuwa chombo tu, lugha pekee ambayo watu wa zama zile wangeielewa, na kwamba angezaliwa baadaye angetumia lugha ya haki na katiba. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mwenye kutumia dini kama chombo haandiki Darsanamala, kitabu cha Kisanskriti cha sehemu kumi zenye beti kumi kumi kinachochambua elimu ya Nafsi kwa ukali wa kimantiki, kitabu ambacho hakikuweza kumpatia mfuasi hata mmoja mashambani. Wala hawaachii watoto sala ya Daiva Dasakam, beti kumi zinazomwita Mungu baharia, na miguu yake kuwa ni merikebu ya kuvukia bahari ya uwepo.

Na wapo wengine, wapenzi wake wa kweli, wanaokosea upande wa pili. Sanamu zake zimejaa vijijini Kerala, watu humfukizia ubani na kumwimbia kama mungu. Sina haki ya kuhukumu mapenzi ya mtu, hasa mapenzi ya watu ambao babu zao walinyimwa njia ya kupita. Ila nalazimika kusema kwamba mwalimu aliyehama kutoka sanamu hadi taa, na kutoka taa hadi maneno na kioo, kusimamishwa yeye mwenyewe kuwa sanamu ni kurudishwa mwanzo wa safari aliyokwisha kuimaliza. Na kumfanya kuwa mali ya jamii moja ni kulifuta tamko lake la 1916.

Mfano wa mwisho wa ninachokisema ni hija ya Sivagiri. Miezi michache kabla hajafariki, mwanzoni mwa mwaka 1928, wanafunzi walimwomba idhini ya kuanzisha hija. Akawauliza inakusudia nini. Kisha akawapa yeye mwenyewe malengo manane: elimu, usafi, ucha Mungu, umoja, kilimo, biashara, kazi za mikono na mafunzo ya ufundi, akataka wataalamu waje kuzungumza na mahujaji juu ya kila moja. Aliwaambia wavae nguo za manjano, lakini wasinunue hariri, watie nguo zao nyeupe manjano ya kawaida, na mwisho wa hija uwe Mwaka Mpya wa tarehe 1 Januari. Hija ya kwanza ilifanyika baada ya kifo chake, na hadi leo maelfu ya watu hutembea kwa miguu kwenda Sivagiri kila mwisho wa Desemba. Katika orodha ile ucha Mungu umekaa kati ya usafi na umoja, haukupewa kiti cha peke yake, na sidhani kama ni kwa sababu aliuona kuwa mdogo.

Ndiyo maana naliomba gazeti lako, Ndugu Mhariri, kila inapokaribia tarehe 20 Septemba litenge nafasi ya kuchapisha habari za Narayana Guru pamoja na mashairi yake, kuanzia Daiva Dasakam na beti kumi za huruma, kwa tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa kwa uangalifu na watu wanaojua utungaji. Matendo yake wasomaji wanaweza kuyapata popote. Mashairi ndiyo hayajatufikia, na bila hayo tutaendelea kumsifu mtu huyu kwa kazi yake huku hatujui aliifanyia nini.

Wako,
Msomaji wa gazeti lako